Siku Kiti cha Pasta Kilipopata Joto

Kuna aibu ya kuteleza kwenye matope, unabadili nguo, imekwisha, na kuna aibu ya kumchoma mchungaji makalio mbele ya kanisa zima katikati ya maombi. Yangu ni hii ya pili. Naiandika mwenyewe kwa sababu nimechoka kuisikia kwa watu ambao hawakuwepo, kila mmoja anaongeza chumvi yake, na juzi kwenye foleni ya maji nimemsikia mama mmoja akiapa kwamba Pasta aliruka mpaka akagusa paa. Hakugusa paa. Aliruka, hilo sikatai, lakini paa la mashine yetu ya kusaga liko juu na Pasta ni mtu mzito.

Mimi ni fundi wa kuchomelea chuma. Ndiyo, mwanamke (anayeniuliza mara mbili namjibu mara moja tu). Nilikimbia vita kwetu Fizi nikiwa mwaka wa nne wa sekondari, tukafikia Kabazana pale wanapopokelewa wakimbizi, tukapewa kiwanja, nikaolewa na Bahati, fundi cherehani, mwanamume mpole mpaka inaudhi, kisha nikapata nafasi ya kujifunza kuchomelea kule Nyamitanga, Mbarara, ng'ambo ya mto Rwizi, mwaka mmoja na nusu. Nilirudi Nakivale, kwenye makazi yetu ya wakimbizi, na cheti, kofia ya vioo vyeusi, na mimba ya mwanangu Ombeni. Cheti nilikitundika ukutani. Kazi zilizokuja zilikuwa masufuria yaliyotoboka na vitanda vya chuma vilivyolegea, maana mtu akiwa na kitu kikubwa, geti au jembe la kukokotwa na ng'ombe, alikipeleka Kabingo kwa fundi mwanamume hata kama fundi huyo alikuwa analewa saa nne asubuhi.

Ndipo shafti ya mashine ya kusaga ya kikundi cha wamama ilipovunjika. Shafti ni ule mhimili mnene unaozungusha nyundo za ndani, mnene kama mkono wa mwanamume juu ya kiwiko, na bila huo mashine ni pipa tu. Mwenyekiti wa kikundi, Mama Kiza, mjane mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya kilima, alinipa mimi ile kazi kwa kuwa niko karibu. Sasa chuma kinene kina tabia yake: ukikichomelea kikiwa baridi kinakubali mbele ya macho yako, kinakuchekea, halafu baada ya siku chache kinapasuka chenyewe palepale pembeni ya mshono. Lazima ukipashe joto kwanza, sawasawa pande zote. Mimi nilikipasha kwa makaa. Makaa yanapasha upande mmoja na kusahau mwingine. Siku ya tisa shafti ikakatika tena, na wamama wakarudi kubeba mahindi kichwani mpaka Kabingo, mtoto mgongoni, jua kichwani, na kila mmoja akipita mbele ya mlango wangu alikuwa anakohoa kidogo.

Mama Kiza alikuja mwenyewe. Hakukaa.

“Mama Ombeni, mi nakupenda sana. Lakini mara hii ikivunjika tena, tutaita ule fundi wa Kabingo, na weye utabakia na masufuria yako. Bamama banachoka.”

Alisema polepole bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonikata. Kama ile shafti ingenishinda, basi ilikuwa imeisha, ningeziba masufuria mpaka nizeeke.

Rafiki niliyesoma naye aliniambia kwa simu kwamba Mbarara kuna mtu anakodisha mashine ya kupasha chuma bila moto. Unakizungushia chuma waya mnene, unawasha umeme, na chuma kinapata joto chenyewe kwa ndani, sawasawa pande zote. Ile mashine tulionyeshwa picha yake Nyamitanga, ukurasa mmoja, na mwalimu akaufunua haraka kwa kuwa yeye pia hakuwahi kuiona. Wamama wakakubali tuikodi kwa siku mbili, pamoja na jenereta lake linalovutwa na gari. Nikamchukua Bahati anishikie mtoto, tukaenda.

Mwenye mashine alikuwa mwanajeshi mstaafu, fundi wa zamani wa magari ya kambini, kila mtu pale anamwita Afande. Gereji safi, vifaa vimepangwa kama gwaride. Nikamsalimia, nikamweleza shida ya shafti, unene wake, aina ya vijiti vya kuchomelea nitakavyotumia. Akanisikiliza vizuri kabisa. Halafu akamgeukia Bahati.

“Sasa bwana, sikiliza mimi vizuri. Hii hita si kitu ya kucheza.”

Bahati alikuwa amembeba Ombeni, na kitambaa cha mate kipo begani.

“Afande,” nikasema, “fundi ni mimi. Huyu anashona suruali.”

“Eeh? Ni wewe, nyabo?” Nyabo kwao ni mama. Akacheka, si kwa ubaya, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. “Sawa, sawa. Kaa pale, pumzika. Bwana, ona hii waya. Joto haitoki kwa waya, inatoka kwa chuma yenyewe. Chuma yoyote yenye iko karibu, inapata joto. Umeelewa?”

Bahati akaitikia kwa kichwa, mpole kama kawaida. Nikasikia damu inapanda mpaka kwenye masikio. Mwaka mmoja na nusu Nyamitanga, macho yamewaka kwa cheche, mikono ina makovu, halafu somo anapewa mtu ambaye hajui kutofautisha chuma cha pua na bati!

“Na ile waya inabaki, ile mrefu,” Afande akaendelea kumwambia mume wangu, “usifanye...”

“Najua,” nikasema.

Akanitazama. “Unajua?”

“Najua yote. Nilisomea. Tupakie, jua linakwenda.”

Basi, hapo ndipo kila kitu kilipoanzia, kwa neno moja la mtu mwenye hasira. Afande aliinua mabega, akamalizia kumnong'oneza Bahati wakati mimi nimeshatoka kwenda kusimamia upakiaji, na nilihakikisha wananiona jinsi nisivyosikiliza.

Kwenye gari nilikaa katikati, dereva kulia kwangu (Munyankore mmoja, mwenyeji wa Mbarara, aliyetuambia tangu mwanzo kwamba yeye ni wa usukani tu, mashine haijui), Bahati upande mwingine na mtoto. Tukiwa tumetoka mjini namwona Bahati anavua pete yake ya ndoa na kuitia mfukoni.

“Bahati. Unatoa pete ya nini?”

“Afande amesema mtu asikaribie ile waya akiwa na pete, itamuunguza kidole. Tena alisema ile waya yenye itabaki...”

“Sikukuuliza habari za Afande.”

“Lakini alisema ni kitu ya maana, mama.”

“Weye shika uzi na sindano yako, mi nitashika chuma yangu. Nimekuambia kitu kwenye cherehani hata siku moja?”

Akageukia dirisha. Tulikwenda mpaka Nakivale nikisikia tu Ombeni anakoroma.

Asubuhi yake watu walijaa uwanja wa mashine utadhani kuna harusi, kwa sababu Mama Kiza alikuwa ametangaza, na kwetu kitu kipya hakitumiwi kabla hakijaombewa. Tena hakiombewi kikiwa kimezimwa. Kanisa letu lina msimamo juu ya hilo: kuombea mashine iliyozimwa ni kama kubariki sahani tupu, unaiwasha, inanguruma, ndipo maombi yanaingia ndani yake. Kwa hiyo aliitwa Pasta Yeremia, mzee wa watu, mwili mkubwa, goti moja bovu, suti ya kijivu ya kitambaa kile cha plastiki kinachong'aa. Kwa ajili ya goti huwa anaomba amekaa, sisi tunasimama.

Kiti cha kumkalisha kilikuwa changu. Ni kiti nilichokitengeneza kwa mikono yangu, miguu ya bomba, kikalio cha bati la pipa, na chini ya kikalio nimeweka kirafu cha nondo cha kuwekea vitabu (nilikuwa najivunia sana kile kirafu). Mama Kiza akakitandikia kitambaa cheupe cha kufuma.

Nikazungusha waya kwenye shafti juu ya blanketi la kuzuia joto, mizunguko sawasawa, nzuri kuliko ile ya kwenye kitabu. Waya ukabaki mrefu, mita nyingi, na uwanja umejaa watoto na mbuzi. Watoto wanaukanyaga, mmoja ameshaanza kuuruka kama kamba.

“Batoto, toka kule!” Mama Kiza akapiga kelele, wakatoka, wakarudi.

Mimi mtu wa usafi, siwezi kuona kamba imelala ovyo. Nikaukunja ule waya uliobaki, duara juu ya duara, vizuri, kama unavyokunja kamba ya ndoo ya kisima, nikatafuta pa kuuweka ambapo mtoto hatafika. Na katika uwanja mzima, nawauliza nyie wenyewe, ni wapi ambapo hakuna mtoto wa Nakivale angethubutu kusogeza mkono wake? Chini ya Pasta. Nikainama kwa heshima, nikasema “samahani, Pasta,” nikausukuma kwenye kirafu changu cha nondo. Ulienea kana kwamba nilikuwa nimekipima.

Nikamwona Bahati ananitazama kutoka kwa wanaume wenzake. Alifungua mdomo. Nikamtolea jicho. Akaufunga.

“Washa,” akasema Mama Kiza.

Nikawasha. Jenereta likanguruma, mashine ikaanza kuimba kile kisauti chake chembamba, watu wakafumba macho, na Pasta akaanza. Alianza na uumbaji. Akapita kwa Nuhu, ambaye naye alikuwa fundi, akashukuru kwa ajili ya wamama, kwa ajili ya unga, kwa ajili ya nchi iliyotupokea. Mimi nilifumba jicho moja, lingine lilikuwa kwenye shafti. Baada ya muda nikasikia maombi yameongeza mwendo. Pasta Yeremia haharakishi kamwe, maombi yake ni ya kutembea, lakini sasa yalikuwa yanakimbia, kutoka kwa Musa tukafika kwa mitume kwa pumzi moja, na nilipomgeukia namwona amehamia upande mmoja wa makalio, halafu mwingine, uso una jasho, macho bado amefumba kwa sababu mtu wa Mungu hakatizi maombi kwa ajili ya mwili.

“Baba, tunasema, tunasema Baba, YESU WANGU!”

Akaruka. Yule mwenye goti bovu. Aliruka kutoka pale alipokaa mpaka karibu na magunia ya mahindi, mikono juu, na kanisa lote, macho yamefumbwa bado, likasikia lile jina na kishindo cha miguu, likajua moja kwa moja kwamba Roho ameshuka. “Amina!” Wakaanza kupiga makofi. Mama mmoja wa kwaya akaanzisha wimbo. Pasta anarukaruka anajipiga nyuma, na wao wanarukaruka naye!

Aliyefumbua macho kwanza ni Mama Kiza. Aliona moshi mdogo, na kile kitambaa chake cheupe cha kufuma kimegandana na suruali ya Pasta, kinaning'inia kama mkia. Mama Kiza si mtu wa kuuliza maswali. Akanyakua dumu la maji, la lita ishirini, akalimwaga lote, nusu kwa Pasta na nusu kwa wanakwaya, na maji yakaanza kutiririka kuelekea kwenye mashine. Hapo mimi ndipo nilipopata akili, nikaruka juu ya mbuzi (mbuzi kweli, si msemo), nikazima.

Jenereta nalo dereva akalizima. Pasta amesimama amelowa, ameshika sehemu yake ya nyuma kwa mikono miwili, na suruali ile ya plastiki imeyeyuka tundu la ukubwa wa sahani. Nikagusa kiti kwa kidole, nikakitoa haraka. Kiti changu kilikuwa kinaweza kukaanga yai.

Kama ningenyamaza pale, ingekuwa aibu ya saizi ya kawaida. Lakini mimi ni mtu wa hasira, na hasira inatafuta mtu. Nikamgeukia mume wangu mbele ya watu wote.

“Bahati! Ulikuwa unajua? Si ungeniambia?”

Na yule mpole, aliyenyamaza tangu Mbarara, akajibu kwa sauti ileile anayotumia kuuliza kipimo cha kiuno:

“Nilikuambia ndani ya gari. Ukanijibu nishike uzi na sindano.”

Jamani. Wanaume walianza, wakafuata wamama, kisha watoto ambao hata hawakuelewa. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mzee mmoja akasema, “Ee, kumbe yenye alisomea ni bwana!” na wakaanza upya. Nilitamani ile shafti inipige kichwani.

Pasta aliingizwa ndani ya chumba cha mashine, akavuliwa suruali, akafungwa kitenge cha Mama Kiza chenye picha za samaki wekundu. Alikuwa na malengelenge mawili, si zaidi, wala hakulaani. Alisema tu kutoka ndani, “Mama Ombeni, maombi hayajaisha, nitamalizia nikiwa nimesimama.”

Lakini Mama Kiza alitoka na uso mwingine. “Basi. Funga hiyo vitu. Gari irudi Mbarara. Nitatuma mtu Kabingo sasa hivi.”

Nikaitazama shafti. Ilikuwa imeanza tu kupata joto. Nikiiacha ipoe, gari likaondoka, na yule mlevi wa Kabingo akaja akaishona ikiwa baridi, itakatika tena, na jina litakalobaki ni langu. Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa kinakosekana, na kilikuwa ndani ya kichwa cha fundi cherehani. Nasema kweli, kumzaa Ombeni kulikuwa kwepesi kuliko yale maneno mawili.

“Bahati, nifundishe.”

“Nini?”

“Yote yenye Afande alisema. Mbele yao hapa hapa. Sema, mi nitafanya.”

Akampa dada yake mtoto, akasogea. Na alikumbuka yote, neno kwa neno, maana mtu anayeshona suti ya mteja kwa vipimo vya kichwani hasahau kitu. Waya uliobaki usikunjwe duara, kila duara linapasha chuma chochote kilicho karibu. Ulazwe mrefu juu ya ardhi kavu, kwenda na kurudi, ubavu kwa ubavu. Vua bangili. Nikavua. Ondoa sufuria ile iliyo karibu na waya. Nikaondoa. Usiende na wakati, nenda na chaki: unachora alama kwenye chuma kwa chaki ya joto iliyokuja na mashine, na alama ikiyeyuka ndipo unachomelea. Nikiwa nimepiga magoti mchangani mbele ya kanisa zima, namtii mtu ambaye hajawahi kushika kijiti cha kuchomelea, na kila nilipomaliza jambo moja wanaume walikuwa wanamtazama Bahati kwa heshima mpya.

Mama Kiza alisimama na mikono kiunoni. Hakutuma mtu Kabingo.

Chaki iliyeyuka. Nikavaa kofia yangu. Ndani ya ile kofia hakuna Pasta wala kicheko, kuna mstari mmoja tu wa mwanga, na hapo, ndugu zangu, hapo hakuna mtu wa kuniambia kitu. Nilijaza ule mpasuko safu kwa safu, nagonga uchafu, napima kwa chaki, narudisha joto, najaza tena, mpaka mshono ukainuka kidogo juu ya uso wa shafti. Nikaufukia kwenye majivu makavu upoe polepole. Siku iliyofuata tukaisawazisha, tukaifunga, tukasaga. Siku ya tisa ikapita. Ya ishirini ikapita. Wamama wakaacha kukohoa mlangoni kwangu. Shafti ile inazunguka mpaka leo.

Mngedhani nimeshinda. Ngojeni.

Baada ya mwezi mmoja kazi kubwa zikaanza kuja, mageti, majembe ya ng'ombe, ekseli ya mkokoteni, hata kutoka huko huko Kabingo. Na zote zilikuwa zinapelekwa kwenye cherehani! Watu waliona kwa macho yao: mwanamume anaelekeza, mwanamke anatii. Habari ilitembea hivyo, kwamba Nakivale kuna fundi hodari wa chuma kinene, anaitwa Bahati, bibi yake anamsaidia, ila bibi huyo msimwachie peke yake, alishamchoma Pasta. Nilikasirika wiki mbili mfululizo. Nilimkasirikia Afande, nikamkasirikia Mama Kiza, nikamkasirikia Bahati ambaye kosa lake ni kuwa na masikio. Nilipomaliza watu wa kukasirikia nikabaki mimi, na huyo ndiye niliyekuwa namkwepa. Afande alinidharau, ndiyo, na ningemwambia tena leo. Lakini elimu ile ilikuwa inapita umbali wa hatua mbili kutoka kwangu, kwa Kiswahili ninachokielewa, na mimi nikatoka nje kuionyesha mgongo. Nimeapa, na nimemwapia Bahati pia: mtu akinidharau nitamjibu, lakini baada ya yeye kumaliza kusema, si kabla.

Jumanne iliyopita alikuja mzee na jembe lililopasuka shingoni. Nilikuwa nyuma, kwenye kazi, namsikia.

“Mi natafuta fundi Bahati. Ule wa chuma.”

“Bahati ni mimi, muzee, lakini mi ni wa nguo. Wa chuma ni huyu bibi yangu. Pita huko nyuma, umweleze.”

Akapita. Akanitazama, akanyoosha shingo kutafuta kama kuna mtu mwingine nyuma yangu, akaona hakuna, akaanza kueleza. Jembe nilikuwa nimeliona tangu alipotokeza, ufa wake naujua, dawa yake naijua. Alieleza habari za jembe, za ng'ombe aliyelivunja, za mama wa huyo ng'ombe. Ndani nilikuwa nachemka. Nikavua kofia, nikaketi kwenye jiwe, nikamwacha aseme mpaka mwisho.

Mwishoni kabisa, pale alipokuwa karibu kuondoka, akaongeza kwamba lile jembe liliwahi kuchomelewa huko nyuma, upande wa ndani, likapakwa rangi juu. Hilo nilikuwa sijaliona, na bila kuuondoa kwanza ule mshono wa zamani kazi yangu ingepasuka ndani ya wiki.